Namna ya kulinganisha mitandao ya kompyuta sambamba: kutoka kalamu hadi kebo

Mtu akikwambia mtandao huu wa kuunganisha kompyuta ni bora kuliko ule, muulize kwanza: kwa gharama ipi? Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi ambamo jedwali limechorwa vizuri, mtandao wenye njia fupi umepigiwa mstari, na mshindi ametangazwa. Hesabu zote ni sahihi. Kinachokosekana ni sentensi moja ya kusema washindani walipewa nyaya sawa, pini sawa (meno ya chipu yanayoshika nyaya) au fedha sawa. Bila sentensi hiyo umepambanisha lori na pikipiki, kisha ukalisifu lori kwa kubeba mizigo.

Kompyuta sambamba ni nodi nyingi zinazogawana kazi moja. Kila nodi ina prosesa na kumbukumbu yake, na kati yao kuna ruta na swichi, vifaa vya kuelekeza data, pamoja na kebo. Kazi nyingi hukwama hapo katikati. Ili kufuata mwongozo huu unahitaji kalamu, kompyuta mbili au zaidi zenye Linux na MPI (programu ya kutumiana jumbe kati ya nodi), na subira.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa kebo

Programu ya utabiri wa hali ya hewa hulikata anga vipande vipande. Kila nodi hushika kipande chake na kuzungumza na majirani tu. Hesabu ya Fourier, ya kuchambua mawimbi, hutaka kila nodi ipeleke data kwa nodi zote. Mafunzo ya mitandao ya neva, ile ya akili bandia, hujumlisha namba za nodi zote, tena na tena, maelfu ya mara. Mtandao unaoifaa moja kati ya kazi hizi unaweza kuitesa nyingine.

Kwa hiyo andika: programu gani, nodi ngapi, na ujumbe wa kawaida una baiti ngapi. Kama ukubwa wa ujumbe huujui, usikisie. Endesha programu yako pamoja na zana kama mpiP, itakuhesabia jumbe na muda uliotumika kuzituma.

Hatua ya 2: Hesabu kwa kalamu

Chukua nodi 64. Ni idadi nzuri kwa mazoezi, na ina historia: Cosmic Cube ya Caltech, iliyoanza kazi mwaka 1983, ilikuwa na nodi 64 zilizounganishwa kwa umbo la mchemraba wa vipimo sita, ambao watu wa fani huuita hipakyubu. Tuipambanishe na pete, wavu wa 8 kwa 8, na torasi ya 8 kwa 8, yaani wavu ambao kingo zake zimerudishwa zikakutana.

| Mtandao | Kipenyo | Wastani wa hatua | Viungo kwenye mkato |
|---|---|---|---|
| Pete | 32 | 16 | 2 |
| Wavu | 14 | 5.25 | 8 |
| Torasi | 8 | 4 | 16 |
| Hipakyubu | 6 | 3 | 32 |

Hatua hapa ni mruko mmoja kutoka nodi hadi jirani yake, na kipenyo ni idadi ya hatua kati ya nodi mbili zilizo mbali zaidi. Wastani unachukulia kwamba kila nodi inatuma popote kwa nasibu, hata kwake yenyewe. Mkato ndio wenye uzito kuliko vyote: gawa mtandao nusu kwa nusu mahali penye viungo vichache kabisa, kisha hesabu viungo ulivyokata. Wakazi wa Dar es Salaam wanaujua mkato vizuri. Ukitaka kwenda Kigamboni bila kuzunguka Kongowe, una kivuko na una daraja. Panua barabara za pande zote mbili utakavyo, watakaovuka ni wale tu ambao kivuko na daraja vinaweza kuwabeba.

Mkato unakupa dari la mzigo. Chukua wavu. Viungo 8 vinapitisha data pande zote mbili, kwa hiyo kuna njia 16 za kuvukia. Nodi 64 zikituma kwa nasibu, nusu ya data itavuka. Kila nodi ikituma kiasi x kwa kila mpigo wa saa ya ndani ya kompyuta, kinachovuka ni 32x, nacho hakiwezi kuzidi 16. Basi x haizidi 0.5. Fanya hivyo hivyo kwa torasi utapata 1, na kwa pete 0.125. Programu ya vipimo ikikuletea namba iliyo juu ya dari hili, kuna kosa mahali fulani. Usiisherehekee.

Hatua ya 3: Sawazisha gharama

Hapa nakuomba ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Katika mtandao usio na msongamano, muda wa ujumbe kufika ni idadi ya hatua mara ucheleweshaji wa ruta moja, kisha ujumlishe ukubwa wa ujumbe uliogawanywa kwa upana wa njia. Hesabu hii ni ya ruta zinazosukuma mbele kichwa cha ujumbe kabla mkia haujafika. Ruta za zamani zilizopokea ujumbe wote ndipo ziutume zililipa gharama ya ukubwa kwenye kila hatua, ndiyo maana wakati ule njia fupi ilipendwa sana.

Weka ruta inayochelewesha mipigo 2 ya saa, na ujumbe wa biti 512. Sasa linganisha mara tatu.

Mara ya kwanza, mpe kila mmoja njia zenye upana sawa wa biti 16. Mara ya pili, ipe kila nodi pini sawa: nyaya 64 za kutolea data, zigawanywe kwa idadi ya viungo vyake. Pete inapata biti 32 kwa kila njia, wavu na torasi 16, hipakyubu 10. Mara ya tatu, sawazisha nyaya zinazovuka mkato, ziwe 256 kwa kila upande. Hapo pete inapata njia za biti 128, wavu 32, torasi 16, hipakyubu 8.

| Mtandao | Upana sawa | Pini sawa | Mkato sawa |
|---|---|---|---|
| Pete | 64 | 48 | 36 |
| Wavu | 42.5 | 42.5 | 26.5 |
| Torasi | 40 | 40 | 40 |
| Hipakyubu | 38 | 58 | 70 |

Namba hizi ni mipigo ya saa, na ndogo ndiyo bora. Itazame safu moja moja. Kwa upana sawa ameshinda hipakyubu, kwa pini sawa torasi, kwa mkato sawa wavu. Mitandao ni ile ile na ujumbe ni ule ule. Kilichobadilika ni bajeti. Hipakyubu, aliyekuwa wa kwanza, amekuwa wa mwisho, kwa sababu nyaya zake nyingi zimelazimika kuwa nyembamba.

Tena usidhani wavu umeshinda milele. Punguza ujumbe uwe biti 64 kwenye safu ile ile ya mkato sawa: torasi inapata 12, wavu 12.5, hipakyubu 14, pete 33. Ukubwa wa ujumbe uliouandika kwenye hatua ya kwanza ndio unaoamua.

Hoja hii ilibadilisha mashine halisi. Mwaka 1990 William Dally alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba, nyaya za mkato zikiwa sawa, mitandao ya vipimo vichache inaishinda ile ya vipimo vingi. Kompyuta kuu ya Cray T3D ya mwaka 1993 ilikuwa torasi ya vipimo vitatu. Baadaye bajeti ikabadilika tena: chipu za ruta zikaweza kubeba milango mingi, na kebo ndefu za nyuzi za mwanga zikawa ndizo zinazokula fedha. Mwaka 2008 Dally huyo huyo, pamoja na John Kim, Steve Scott na Dennis Abts, wakapendekeza mtandao wa Dragonfly, yaani kereng'ende: swichi za jirani zinaungana kwa kebo fupi na kuwa kundi, kisha makundi yanaungana kwa kebo ndefu chache. Frontier, kompyuta kuu ya maabara ya Oak Ridge, Marekani, ambayo mwaka 2022 ilivuka kiwango cha eksafulopu, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, imejengwa hivyo kwa swichi za milango 64, na ujumbe wa njia fupi hauruki zaidi ya mara tatu kati ya swichi.

Kwa anayenunua leo, basi, gharama ya kusawazisha ni idadi ya swichi, idadi ya kebo fupi za shaba, idadi ya kebo ndefu za mwanga, na umeme. Urefu wa kebo nao si wa kupuuza. Mwanga ndani ya nyuzi hutumia takriban nanosekunde 5 kwa mita, kwa hiyo kebo ya mita 20 inaongeza nanosekunde 100, karibu sawa na kupita swichi nzima ya InfiniBand, aina ya mtandao wa kasi wa kompyuta sambamba.

Tahadhari kwa wanaoletewa nukuu ya bei iliyoandikwa "mti mnene", ule mtandao aliouasisi Charles Leiserson mwaka 1985 ambao matawi yake hunenepa kuelekea kwenye shina. Uliza swichi za chini zina milango mingapi ya kushuka kwenye nodi na mingapi ya kupanda. Swichi ya milango 36 iliyogawanywa 18 kwa 18 haipunguzi kitu. Ikigawanywa 24 kwa 12, mkato umekatwa nusu, na jina kwenye karatasi linabaki lile lile. Huenda ni uamuzi mzuri kwa programu inayozungumza na majirani tu, ila lazima uujue kabla hujatia saini.

Hatua ya 4: Pima jozi moja kwa pingpongi

Sasa washa mashine. Pakua OSU Micro-Benchmarks, vipimo vya bure vya Chuo Kikuu cha Ohio State, vijenge, kisha andika:

mpirun -np 2 --host nodi1,nodi2 ./osu_latency
mpirun -np 2 --host nodi1,nodi2 ./osu_bw

Cha kwanza kinatuma ujumbe, kinausubiri urudi, na kinagawa muda kwa mbili. Cha pili kinarusha jumbe nyingi mfululizo kabla ya kusubiri jibu. Usichanganye matokeo yao kwenye grafu moja.

Hakikisha prosesi mbili, yaani nakala mbili za programu zinazoendeshwa, ziko kwenye nodi mbili kweli. Ukiona ucheleweshaji ulio chini ya mikrosekunde 1 kwenye Ethernet ya kawaida, jua prosesi zote mbili zimelala kwenye nodi moja na unachopima ni kumbukumbu.

Kutoka kwenye namba hizo toa vitu viwili: muda wa kuanza, yaani ujumbe mdogo kabisa unachukua muda gani, na kasi ya juu kwa ujumbe mkubwa. Muda wa ujumbe wowote ni muda wa kuanza, ujumlishe baiti ulizogawa kwa kasi. Roger Hockney alitufundisha kuzidisha viwili hivyo: jibu ni ukubwa wa ujumbe unaofikia nusu ya kasi ya juu.

Chukua mfano wa Ethernet ya gigabiti yenye muda wa kuanza mikrosekunde 40 na kasi ya megabaiti 117 kwa sekunde, uilinganishe na InfiniBand yenye mikrosekunde 2 na gigabaiti 12 kwa sekunde. Kwa ujumbe wa baiti 8 tofauti ni mara 20. Kwa ujumbe wa megabaiti moja ni mikrosekunde 8,587 dhidi ya 85, mara 100. Ila tazama nusu ya kasi: Ethernet inaifikia kwenye baiti 4,680, InfiniBand kwenye 24,000. Programu ya jumbe za baiti elfu mbili tatu ikihamia kwenye mtandao wa bei ghali itaona sehemu tu ya kile kilicholipiwa. Katika hali hiyo, kukusanya jumbe ndogo kuwa kubwa kunaweza kukusaidia kuliko kununua kebo mpya.

Grafu yako itakuwa na mruko mahali fulani katikati. Hapo MPI inaacha kutuma ujumbe moja kwa moja na kuanza kuomba nafasi kwa mpokeaji kwanza. Ni tabia ya programu, kwa hiyo usiihesabu kuwa kasoro ya mtandao.

Hatua ya 5: Pima kila jozi

Watu wengi hupima nodi ya 1 na ya 2, wakaridhika. Niliwahi kuunganisha kompyuta nane za mezani kwa swichi moja ya gigabiti. Jozi ya kwanza ilinipa megabaiti 117 kwa sekunde, safi kabisa. Programu yenyewe, nikiiendesha kwenye zote nane, ilikuwa inakokota kama gari lenye breki iliyoshika. Nikapoteza siku mbili nikitafuta kosa kwenye msimbo.

Siku ya tatu nikaandika kitanzi cha kupima jozi zote 28 na kuzipanga kwenye jedwali la nane kwa nane. Jozi 21 zilikuwa 117. Jozi saba zilikuwa kwenye 11.7, na zote saba zilikuwa na nodi ya tano ndani yake: mstari mmoja na safu moja, vimesimama kama msalaba katikati ya jedwali. Nikaandika ethtool eth0 kwenye nodi ile, ikajibu Speed: 100Mb/s. Nikachomoa kebo, nikageuza kichwa chake cha plastiki kwenye mwanga wa dirisha, nikaona waya mmoja wa kahawia haukufika mwisho. Meno ya shaba yaliuma hewa. Gigabiti inataka nyaya zote nane, megabiti 100 inatosheka na nne, kwa hiyo kadi ilishuka kimya kimya. Nilibana kichwa kipya na kila kitu kikarudi sawa.

Tangu siku ile sianzi ulinganishi wowote bila jedwali la jozi zote. Kwenye mashine kubwa jozi zote hazipimiki, basi chagua kwa nasibu, lakini kila nodi iguswe angalau mara moja.

Hatua ya 6: Weka mzigo

Mtandao mtupu hausemi mengi. Kwenye mashine halisi tumia osu_mbw_mr, inayorusha data kwa jozi nyingi kwa pamoja. Nusu ya kwanza ya orodha ya nodi hutuma na nusu ya pili hupokea, kwa hiyo unaweza kupanga majina ili jozi zote zivuke mkato. Jaribu hivi: kompyuta nne kwenye swichi moja, nne kwenye nyingine, na kebo moja ya gigabiti katikati. Kila jozi ikiwa ndani ya swichi moja, jozi nne zina nafasi ya kupata jumla ya megabaiti 468 kwa sekunde. Zikivuka kebo ile moja, jumla haipiti 117. Ni ile hesabu ya mkato uliyoifanya kwa kalamu, sasa unaiona kwa macho.

Kwa mitandao ambayo hujaijenga, tumia kiigizaji kama BookSim. Panda mzigo kidogo kidogo, mfano 0.05 kila mara, na uchore ucheleweshaji dhidi ya mzigo. Mstari utaenda karibu bapa, kisha utapinda na kupaa. Pale unapopaa ndipo mtandao umeshiba. Tupa mipigo ya mwanzo kabla mtandao haujatulia. Na saa ya kila pakiti ianze pale pakiti inapozaliwa. Ukianza kuhesabu inapoingia kwenye mtandao, foleni ya mlangoni haitaonekana, na mtandao ulioshiba utaonekana mzima.

Usitumie mzigo wa nasibu peke yake, maana ni mpole mno. Kwenye wavu wa 8 kwa 8 wenye njia za mlalo kwanza, kisha wima, mzigo wa nasibu una dari la 0.5. Geuza mzigo uwe wa kupindua matriki, yaani nodi ya (x, y) itume kwa (y, x), dari linaanguka hadi 1/7. Kwenye torasi kuna mzigo uitwao tufani: kila nodi inatuma kwa nodi iliyo hatua tatu mbele kwenye mstari wake wa mlalo. Njia fupi zote zinaelekea upande mmoja, upande wa pili umelala, na dari linashuka kutoka 1 hadi 1/3. Ukitumia mbinu ya Leslie Valiant, ya kuupitisha kila ujumbe kwanza kwenye nodi yoyote ya nasibu, utapata 0.5 kwa mzigo wa nasibu na 0.5 kwa tufani. Siku ya raha umepoteza nusu ya uwezo, ili siku ya shida usipoteze theluthi mbili. Kwa hiyo kanuni ya kuchagua njia ni sehemu ya mtandao, na kulinganisha maumbo bila kuitaja ni kuacha nusu ya habari.

Hatua ya 7: Endesha kazi za pamoja, kisha programu yako

Pima osu_allreduce (kujumlisha namba za nodi zote) na osu_alltoall (kila nodi kupeleka data kwa zote) kwa nodi 2, 4, 8 na kuendelea, ukitazama muda unavyokua. Kisha endesha programu uliyoiandika kwenye hatua ya kwanza. Kwenye mashine inayotumiwa na wengi, jirani yako anatumia kebo zile zile, hivyo rudia siku tofauti na saa tofauti. Toa mediani na pia thamani ya chini na ya juu. Ukitoa matokeo bora peke yake utakuwa umepima bahati ya siku moja.

Hatua ya 8: Hifadhi kumbukumbu

Ripoti ibebe umbo la mtandao, kanuni ya njia, gharama uliyoisawazisha, ukubwa wa jumbe, toleo la MPI na dereva wa kadi, na nodi zipi zilitumika. Hifadhi namba ghafi pamoja na mchoro wa kebo: ipi inatoka mlango upi kwenda nodi ipi. Lile jedwali langu la jozi 28 nimelibandika ukutani juu ya swichi, likiwa na tarehe. Mtu akija kulalamika kwamba mashine imekuwa nzito, naendesha kitanzi kile upya, dakika chache tu, na kuweka jedwali jipya kando ya la zamani.